Bi Famasi na Kidonge cha Zamani

Alinipa ruhusa ya kumwandika kwa masharti mawili: jina lake nisilitaje, na sifa asizonazo nisimpe. Sharti la kwanza ni jepesi, kwa sababu mtaani kwetu, Langoni nzima, hakuna anayemwita kwa jina. Ni Bi Famasi. Watoto humwita hivyo, wazee humwita hivyo, na hata imamu akimtolea salamu humwita hivyo hivyo. Sharti la pili ni jepesi zaidi. Mimi nina kinyongo naye, na mwenye kinyongo hamwagi sifa ovyo.

Kinyongo chenyewe ni hiki. Mwaka huu Bi Famasi alikatwa titi huko Mombasa kwa sababu ya saratani, akaandikiwa dawa ya kunywa kila siku kwa miaka mitano ili ugonjwa usirudi. Dawa hiyo haiwezi kufanya kazi sawasawa mwilini mwake kwa sababu ya dawa nyingine, kidonge cha kifafa ambacho amekinywa zaidi ya miaka thelathini bila sisi kujua. Daktari alimwambia abadilishe hicho cha kifafa. Akakataa. Mwanamke aliyenilazimisha mimi kubadilisha changu, akanisimamia kwa macho makali kama askari wa forodha, ilipofika zamu yake akasema hapana. Basi na mimi nikakataa kukataa kwake.

Duka lake lilikuwa kichochoroni, kati ya fundi viatu na mama muuza mahamri, jembamba kiasi kwamba mtu mnene akiingia mwenziwe husubiri nje. Nyuma ya meza ya kuuzia kulikuwa na kiti kimoja, redio moja, na Bi Famasi mwenyewe, miwani kwenye ncha ya pua. Alikuwa amestaafu kazi ya serikali ya kutoa dawa, akafungua duka eti apumzike. Hakupumzika. Mtu asiyejibu maswali hakumuuzia kitu, na maswali yalikuwa mengi. Nani mgonjwa? Ana uzito gani? Ameshakula? Anatumia dawa gani nyingine, na ile ya nyanya yake ya kuchemsha nayo ni dawa, usinifiche.

Siku moja nikiwa pale aliingia bwana mmoja, mtu mzima na bakora yake, akataka vidonge viwili vya antibiotiki.

"Ziwili za nini, Bwana?"

"Za kikohozi. Ziwili zanitosha."

"Wataka kuwaua wadudu, au kuwatisha tu?"

Sisi tuliokuwa tukisubiri tulicheka, yule bwana hakucheka. Aliondoka mikono mitupu, akaenda hospitali kwa hasira, na kikohozi kile kikaonekana ni kifua kikuu. Alipopona alimletea Bi Famasi samaki, changu watatu wakubwa. Aliwapokea, akamuuliza kama dawa zote za miezi sita amezimaliza, na aliposikia ndiyo ndipo akasema asante.

Hakuwa mpole. Wengine wanamwandika mtu kama huyu wakasema ukali wake ulificha moyo laini. Mimi nasema ukali wake ulikuwa ukali. Aliwahi kunitoa dukani mbele ya watu kwa sababu nilimdanganya kwamba sijasahau vidonge vya jana. Msemo wake ulikuwa, "Ugonjwa hauoni haya, basi mgonjwa aonea nini?" Aliusema kwa sauti ya kufika kwa fundi viatu, na mambo ya ndani ya watu yakafika huko pia.

Tena alikuwa na mambo yake yasiyopatana. Waganga aliwasema vibaya mchana kutwa, lakini kila Ijumaa asubuhi alikunywa kombe, aya za Kurani zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani kisha zikaoshwa kwa maji ya waridi. Nilipomkamata nalo hakutahayari. "Kombe halina ugomvi na kidonge," alisema. "Wenye ugomvi ni watu." Alichukia umbea, na hakuna aliyejua habari za mji kumshinda. Na Jumamosi alasiri huyu mama wa heshima, buibui limefungwa mpaka kidevuni, alikuwa akiipigia redio kelele kwa ajili ya timu ya mpira ya Ulaya iliyofungwa karibu kila wiki. Fundi viatu alimwambia ahamie timu nyingine, apumzishe moyo. "Mimi si kinyonga," akajibu. Kubadilisha kitu alichokishika kulikuwa kwake sawa na kuhama nyumba.

Mambo mawili tulikuwa tukiyahesabu kuwa ni majivuno. La kwanza, hapandi ngazi. Nyumba za Langoni zimepanda juu, ngazi zake nyembamba na zimesimama, na mgonjwa mara nyingi yuko ghorofani. Bi Famasi alisimama chini kwenye daka la mlangoni, akaita, mgonjwa akabebwa kuletwa. La pili, watoto wachanga. Mama akimpa mtoto juu ya meza ampakate kidogo, hakumpokea. Alizunguka kwanza, akaketi sakafuni, miguu ameinyoosha, ndipo akanyoosha mikono. Mama mmoja alisema, "Huyu hakuzaa, hajui hata kushika mtoto." Alisema kwa sauti, na Bi Famasi alimsikia. Aliendelea kuangalia kitovu cha yule mtoto kana kwamba hakusikia neno.

Mimi nilifika dukani kwake nikiwa na miaka ishirini na minne, nimeletwa na mama yangu. Kifafa kilinianza nilipovunja ungo. Mama yangu ana haya nyingi. Aliponipeleka kwa tabibu wa kwanza, mzee wa kiume mwenye vitabu vyake, alishindwa kutamka mambo ya kike, akasema tu, "Humshika mwezi ukingia." Yule mzee akatazama juu, akatikisa kichwa, akasema ni kweli, mwezi mwandamo una mambo yake. Nikafungwa hirizi. Na mama, kwa kumheshimu mzee, akaliacha neno lake mwenyewe akalishika la tabibu. Tangu hapo kila mwezi wa mbinguni ulipoandama nilifungiwa chumbani, kisimani nisiende, jikoni nisikae, cherehani nisiiguse. Nikianguka siku nyingine, walisema mwezi umenitupia jicho kwa mbali. Hospitali nilipewa fenobabitoni, kile kidonge kidogo cheupe, nikakinywa kila siku, kikapunguza lakini hakikumaliza. Kwenye kadi yangu waliandika kwamba mgonjwa husumbuliwa na mwezi. Kadi hiyo ndiyo tuliyompa Bi Famasi.

Aliisoma, akaiweka juu ya meza, akamtazama mama.

"Mwezi upi?"

"Mwezi, Bi. Ukiandama."

"Nakuuliza mwezi upi. Wa mbinguni, au wake mwenyewe?"

Mama alijifunika uso kwa ncha ya buibui. Bi Famasi hakumngoja. Alinigeukia mimi, na mbele ya watu wawili waliokuwa wakisubiri panadoli akaniuliza, "Ramadhani ilopita siku ngapi hukufunga?"

Swali hilo mwanamke hulijibu akiwa usingizini, maana ni deni la Mungu na lazima alilipe kabla ya Ramadhani nyingine kufika. Nilisema sita.

"Ulianza kula mwezi ngapi?"

"Mwezi kumi na tisa wa Ramadhani."

"Na uliyanguka lini?"

Nikafikiri. "Mwezi kumi na nane. Kabla ya futari."

"Na Ramadhani ya kabula yake?"

Nilianza kula mwezi tisa, na nilianguka mwezi nane. Na ya kabla ya hapo nilianza mwezi ishirini na saba, na nilianguka mwezi ishirini na sita, nakumbuka kwa sababu watu walikuwa wakijiandaa kwa usiku mkubwa. Alikuwa akiandika nyuma ya boksi la dawa. Alipomaliza alilisukuma mbele ya mama.

"Soma. Mwezi wa mbinguni huandama siku moya. Huu wenu waandama kumi na nane, na nane, na ishirini na sita? Mwezi gani huo usoyua ndia?"

Wale wawili wa panadoli walicheka. Mama alicheka pia, chini ya buibui, halafu kicheko kikageuka kilio. Mimi sikucheka wala sikulia. Nilikasirika. Miaka kumi na moja nilikuwa nikifungiwa ndani kwa siku zisizo na kosa, na siku zenye hatari niliachwa nipike. Nilimkasirikia tabibu, nikamkasirikia mama, nikaukasirikia hata mwezi wenyewe, ambao haukufanya kitu.

Siku ile ile alinieleza, na tangu hapo nimemsikia akiwaeleza wengine kwa maneno yale yale. Homoni, alisema, ni mgeni. Huzunguka mwilini akipiga hodi. Ndani ya kila nyumba kuna mwenyeji wa kuitikia, na huyo anaitwa kipokezi. Pasipo na kipokezi, mgeni hupita. Katika homoni za kike iko moja ambayo mwili ukiivunja, kipande chake huenda ubongoni kikapiga hodi kwenye mlango ule ule unaopigwa hodi na kidonge changu cheupe. Vyote viwili huuambia ubongo jambo moja: tulia. Siku chache kabla ya mwezi wa mwanamke, homoni ile huondoka. Kidonge hubaki peke yake mlangoni, na peke yake hakitoshi. "Kwa hiyo hukuwa na shetani," alimalizia. "Ulikuwa na upungufu wa wageni."

Aliniandikia barua ya kwenda kwa daktari, na daktari akanipa kidonge cha ziada cha siku nne za kila mwezi. Mwezi wa kwanza nilianguka. Wa pili sikuanguka. Wa tatu mama aliifungua ile hirizi mwenyewe, akaitia sandukuni, akanunua nyuzi akaniletea niketi kwenye cherehani.

Lakini kidonge kile kilikuwa na ila nyingine, na ndiyo inayohusu hadithi hii zaidi. Wanawake wawili wa mtaani, mmoja nyuma ya mwingine, walipata mimba na hali wana kijiti cha kupanga uzazi mkononi. Watu walisema kijiti kimezama, kimetembea, kimekwenda moyoni. Mume wa mmoja alisema mkewe amekitoa kwa siri. Bi Famasi aliwaita wote wawili, na yule mume pia, akauliza swali moja tu: "Wanwa dawa ya nini?" Wote wawili walikuwa wakinywa dawa ya kifafa ya zamani, na mmoja alikuwa akimficha mumewe.

"Kidonge hiki," alimwambia yule mume, "huliamsha ini. Ini nalo lina kipokezi chake. Likiamshwa hutoa fagio, likafagia kila linalopita, taka na sio taka. Homoni ya kijiti imefagiwa. Mkeo hakutoa kitu. Mtake radhi hapa hapa, nimsikie."

Akamtaka radhi. Nilikuwapo.

Nilipoolewa, mavyaa wangu alimuuliza mwanawe mbele yangu kama ameoa mke au mgonjwa. Mume wangu alijibu, "Mke," akaendelea kula. Nilimpenda zaidi siku ile. Lakini nilitaka mtoto, nilimtaka mpaka nikiona nguo ya kitoto ya kushona nilikuwa nikiiweka mwisho, nisiiguse mapema. Bi Famasi akasema kwanza dawa, kisha mwana. Kidonge cheupe si kizuri kwa mtoto aliye tumboni, kwa hiyo kibadilishwe kwanza, kipunguzwe polepole huku kingine kikipanda, dawa mpya yenye jina refu mpaka uvute pumzi kulitamka. Nilikataa. Kile cheupe kilikuwa kimenipa uzima, na kukiacha niliona kama kuruka nikiwa nimefumba macho.

"Nikianguka, Bi?"

"Utainuka."

"Na nikiharibikiwa?"

"Ewe fundi, nguo ikikubana huifumui? Au wavaa hivyo hivyo ukafa nayo?"

Kwa miezi minne alinisimamia. Kila asubuhi nilipita dukani nikavinywa mbele yake. Nilianguka mara moja, mara moja tu, kwenye mlango wa muuza mahamri. Mwaka uliofuata nilichukua mimba, na kila mwezi alinituma hospitali kuangaliwa dawa, maana mimba nayo ina homoni zake na huishusha dawa damuni, bila kukuuliza. Binti yangu sasa ana miaka mitano. Siku ya kumleta dukani, Bi Famasi alizunguka meza, akaketi sakafuni, akanyoosha mikono.

Mwaka jana alifunga duka akarudi kwao Pate, kijiji kilicho robo saa kwa pikipiki kutoka gati la Mtangawanda. Alisema amechoka kupiga kelele. Miezi michache baadaye nilisikia amepelekwa Mombasa. Aliporudi kwa ndege, mimi ndiye niliyevuka kwa boti mpaka uwanja wa ndege wa Manda kumpokea. Alikuwa amekonda, mkono wa kushoto ameushika kwa wa kulia. Boti yetu ilikuwa haijaja, tukaketi kwenye benchi la gatini, akatoa karatasi za hospitali akanipa nisome.

Nilisoma mstari mmoja nikashika mkono wake. Walikuwa wameandika kwamba uvimbe wake una vipokezi vya homoni. Kwa miaka niliyomsikiliza nilijua maana yake: saratani ya namna hiyo huitikia hodi ya homoni ikanenepa, lakini iko dawa inayokwenda kukaa mlangoni mle, ikaziba, homoni ikapiga hodi mpaka ikachoka.

"Bi, hii si habari mbaya. Dawa iko!"

"Iko," alisema. "Na fagio liko."

Sikuelewa. Akafungua mkoba, akatoa kikopo cha plastiki, akanionyesha vidonge vidogo vyeupe ambavyo ningevitambua hata gizani.

"Mimi hunwa kile chako," alisema. "Tangu hujazawa."

Alinisimulia akitazama mbele, kama mtu anayesoma tangazo la ukutani. Kifafa kilimshika akiwa msichana. Aliolewa Langoni, akazaa mtoto wa kiume. Alipojifungua aliogopa dawa isipite kwenye maziwa ikamdhuru mtoto, na bila kumuuliza mtu akaiacha. Yeye, mtu wa dawa. Siku ya thelathini na nne alikuwa akishuka ngazi, mtoto mkononi.

"Hatukufika arubaini," alisema.

Nililia pale gatini, watu wakatutazama. Yeye hakulia.

"Mume wangu hakunilaumu hata siku moya. Hilo ndilo lilonishinda. Nikamwambia aniache, akaniacha. Kidonge hiki sikukikosa tena, na tangu siku ile siyaanguka. Miaka yote hiyo, mwanangu. Sasa daktari aniambia nikitoe, fagio litulie, dawa ya titi ipate kukaa. Siwezi. Na nife na titi, lakini tini siyanguki."

Boti ilikuja. Tukavuka. Njia nzima nilikuwa nikitafuta maneno, na yote niliyoyapata yalikuwa yake yeye, aliyoniambia mimi, na sikuthubutu kumrudishia.

Nilimwacha wiki tatu. Nilimpigia simu, akapokea, tukazungumza habari za mvua na bei ya nazi. Nikimtajia dawa, mtandao ulikuwa ukipotea ghafla. Nikazungumza na mume wangu, akasema nenda. Mavyaa, ambaye siku hizi kwa ajili ya binti yangu angepigana na simba, alisema, "Mtoto niachie. Huyo bibi nna deni lake." Nilifunga nguo zangu, nikaifunga na cherehani yangu ya mkono kwenye gunia, nikapanda boti ya asubuhi. Mtangawanda kijana wa pikipiki aliitazama ile cherehani akaniuliza kama nahama. Nikamwambia ndiyo.

Nilimkuta Bi Famasi ukumbini kwake, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi kwa mkono mmoja, nyumba ya chini, ya makuti. Aliiona ile cherehani kabla hajaniona mimi.

"Hii ni nini?"

"Nimekuja kukaa, Bi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kidonge cheupe cha mwisho."

"Basi utazeeka hapa." Akaendelea kukuna.

Nilimnyang'anya nazi nikaikuna mimi. Nilimwambia nimezungumza na daktari wake, kwamba kile cheupe kitapunguzwa kidogo kidogo, kila wiki mbili, na kile kipya kitaanza kabla. Alijua yote hayo kuliko mimi. Alinijibu kwa hoja, moja baada ya moja, kipimo, umri, figo, mpaka hoja zikamwishia. Ndipo akasema lile lenyewe.

"Nikiyanguka?"

"Utaanguka. Mimi nitakuwapo. Na mkononi huna mwana, Bi."

Lilinitoka. Nilitamani ardhi inimeze. Niliacha kukuna. Nikaanza kuomba radhi, akainua mkono ninyamaze.

"Maneno haya angesema mwengine ningemtoa nde," alisema. Halafu akasema, "Hicho kipya umekuya nacho?"

Nilikuwa nacho. Alikinywa kwa maji ya mtungi, akakunja uso, akaniambia nazi nimeikuna mpaka kifuu, itatia uchungu mchuzi.

Tuliishi hivyo. Alfajiri aliswali, nikampa dawa, akavihesabu vidonge kwa mara ya pili kwa sababu haniamini. Mchana nilishona, na majirani walipojua yuko fundi walileta nguo za arusi. Hatukuwaambia habari za kifafa, na yeye hakuniambia nifiche. Wiki ya pili kidonge kilipunguzwa, hakuna kitu. Wiki ya nne kikapunguzwa tena. Alilala vibaya, alikuwa mkali, alinigombeza kwa uzi, kwa chumvi, kwa kusimama mlangoni. Mikeka yote ya nyumba nilikuwa nimeitandika ukumbini, mmoja juu ya mwingine, na mito kando ya kuta. Aliitazama akasema nyumba yake imekuwa godauni. Hakuiondoa.

Ilikuwa wiki ya sita, baada ya Alasiri. Alikuwa amekaa anakunja mswala. Niliona mkono umesimama katikati, macho yameganda upande mmoja, na kabla sijafika alikuwa chini. Nilimgeuza ubavu, nikamlegeza leso shingoni, nikatia mkono chini ya kichwa chake, nikatazama saa ya ukutani. Kwa mara ya kwanza maishani niliona kutoka nje jambo lililonipata mimi tangu nilipovunja ungo, na nikajua mama yangu aliona nini miaka yote ile.

Kulipotulia alibaki amelala, anapumua kwa nguvu. Nikamngoja. Kidogo macho yakarudi, lakini yeye hakuwa amerudi bado. Mkono wake ulianza kupapasa mkeka, mbele yake, kando, chini ya mto, haraka haraka, na midomo ikawa yatafuta neno. Nikajua anamtafuta nani.

Niliushika ule mkono. "Hakuna mtu, Bi. Ni wewe na mimi tu. Hakuna aliyeumia."

Hakunisikia, akapapasa tena kwa mkono wa pili. Nikamwambia tena. Mara ya tatu mkono ulitulia mkononi mwangu, na akanitazama kama mtu anayenifahamu.

"Hakuna?"

"Hakuna."

Alilia. Alilia kwa sauti, kilio ambacho sikujua anacho, na mimi sikumnyamazisha, nilikaa nimemshika mpaka kikaisha chenyewe. Kisha akajiinua, akaegemea mto, akaifunga leso yake vizuri.

"Dakika ngapi?"

"Mbili na kidogo."

"Andika." Akafuta uso kwa ncha ya leso. "Kisha mpigie daktari, umwambie kile kipya akiongeze. Kile cheupe cha kae hakirudi."